Kabureta ya Otoniel

Deyanira Ocampo alianza na kitako cha betri, kwa kuwa ndicho kilichooza kuliko vyote. Asidi ilikuwa imekila miaka na miaka mpaka kikabaki matundu matupu. Alikibana kwenye jiriwa akakishukia kwa brashi ya waya, kutu ikaruka ikamwingia machoni na puani, wala hakujisumbua kujifuta. Mtu anayesugua namna ile hasugui chuma. Alikuwa anausugua uso wa Otoniel.

Gari lenyewe lilikuwa la Otoniel, jipu aina ya Willys, jekundu, la mwaka wa hamsini na nne, na Otoniel alikuwa mume wake mpaka siku Deyanira alipomkimbia. Alikimbia na binti yao, Luz Dary, wakaja kukaa hapa Calarcá kwenye banda aliloachiwa na baba yake, ambamo alipaka rangi magari ya watu na kula kwa jasho lake. Otoniel hakumfuata yeye. Alikwenda shuleni wakati wa mapumziko, akamshika mtoto mkono, akampeleka kwa mama yake yeye Otoniel, kwenye shamba la kahawa kule mlimani, nyuma ya geti lenye mbwa.

Tangu hapo Deyanira alikuwa amepanda mlima ule hata viatu vikaisha soli. Mara ya kwanza alifukuzwa na mbwa. Mara ya mwisho alimkuta Otoniel mwenyewe getini, naye akamshika mkono wa kushoto, akamvunja kidole cha shahada, taratibu, huku akimhakikishia kwamba mtoto hajambo, anakula vizuri. Kwenye ofisi ya ustawi wa watoto walimwambia asubiri. Alisubiri, na kila siku aliyosubiri mtoto alikuwa anakua nyuma ya geti lile bila yeye.

Sasa gari la mtu huyohuyo lilikuwa mbele yake, boneti wazi, na utashangaa lilifikaje. Arcesio ndiye aliyelileta. Aliliegesha mbele ya banda akabaki ameshika usukani, maana hakujua kama atapokewa kwa kahawa au kwa nyundo.

"Komadre," alisema, "kabla hujanitukana, nisikilize."

"Sijakutukana."

"Ndiyo maana nasema kabla."

Waliitana komadre na kompadre tangu siku Arcesio alipombeba Luz Dary kwenye maji ya ubatizo. Alikuwa mtu mwema, mwema wa kukera, mwenye kutaka kila mtu apatane na kila mtu.

"Haya, sema."

"Mashindano ya yipao ni Jumamosi. Mafundi wote wamejaa mpaka shingoni. Mwaka huu majaji wanafungua boneti kwanza, ndipo gari lipakiwe mizigo na kusimamishwa kwa magurudumu ya nyuma. Sasa humo ndani mwake... we angalia mwenyewe. Hata kuku hatagi humo."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Anasema utamfanyia. Anasema hasira zako zimeshapoa, na kwamba hakuna mkono mwingine katika mkoa mzima wa Quindío unaojua kupaka humo ndani kama wako."

Deyanira alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akalizunguka gari, akachungulia injini iliyobabuka rangi kwa moto wa bomba la moshi.

"Mwambie nimekubali. Nitatoa kila kitu, nikipake kimoja kimoja. Aje Ijumaa asubuhi."

Hapo ndipo penye upumbavu wa wanaume wetu wa Willys, na ninausema waziwazi kwa sababu nimekulia katikati yao. Mtu wa Calarcá hakuazimi farasi, hakuonyeshi alikoficha ufunguo, lakini akitaka boneti yake ing'ae barabarani atalifungua gari mpaka matumbo mbele ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimvunja kidole, na asiwaze lolote. Kichwani mwake mke ni mkono wake wa tatu. Mkono utamgeukaje mwenyewe?

Na si kwamba angeweza kununua vyuma vingine dukani. Kwenye yipao gari hushindana na vyuma vyake lenyewe, vile lililokuja navyo. Jamaa mmoja wa mji jirani wa Montenegro alitokea na kabureta ya kuazima, watu wakamtambua, wakamzomea barabara nzima. Mpaka leo watoto wake wanaitwa Wana wa Kuazima, na mmoja wao ni padri.

Deyanira alifungua kila nati. Zilizoganda alizichoma kwa moto, zilizokataa moto alizipiga kwa patasi zikapiga kelele. Alitoa feni, honi, kichujio cha hewa, mikono ya rejeta, vibanio vya nyaya, akavikwangua mpaka chuma kikawa cheupe, akavipaka rangi ya chini ya kijivu, akavipiga msasa, akavipaka nyeusi na kijani. Vidogo alivioka kwenye jiko la mama yake, lile lililowahi kuoka mikate ya Krismasi, na banda zima likanuka tina ya rangi. Kisha akavitundika vyote kwenye waya kama nyama buchani.

Kazi ilitoka nzuri, na jambo hilo lilimuudhi. Alikuwa amejaribu kuacha michirizi mahali ambapo jaji angeiona, mikono ikamkatalia.

Kabureta aliiacha mwisho. Ilikuwa ile ile ya siku gari la babu yake Otoniel liliposhushwa melini, haijawahi kubadilishwa. Otoniel aliiosha mwenyewe kila Jumapili kwa petroli na brashi ya kunyolea, amepiga magoti, na siku Deyanira alipoishika bila ruhusa alimpiga mpaka akakojoa damu. Aliisafisha sasa vizuri kuliko Otoniel alivyowahi kuisafisha. Aliifunga kwa kitambaa, akaitia kwenye gunia la kahawa, akafunga kamba, akaiteremsha kupitia dirisha la nyuma. Nusu ya banda lile imesimama juu ya nguzo, na chini ya dirisha ni korongo tupu, mawe na mto. Kamba akaizungusha kwenye msumari.

Ijumaa Otoniel alikuja kwa gari la Arcesio, kofia nyeupe kichwani, panga kiunoni, akinukia mafuta ya nywele. Aliviangalia vyuma vilivyoning'inia akatabasamu kama bwana harusi.

"Si niliwaambia? Mkono huu! Mwanamke ana kichwa kibovu lakini mkono, acha kabisa. Haya, funga haraka, mchana niwe barabarani watu wanione."

"Mlete Luz Dary kwanza."

"Mtoto yuko kwao."

"Kwao ni hapa. Mlete, nifunge."

Otoniel alimgeukia Arcesio, akacheka. "Unamsikia? Anataka kufanya biashara."

Deyanira alishusha honi kutoka kwenye waya, akaiweka juu ya fuawe, akainua nyundo. Alipiga mara moja na honi ikawa bamba.

Otoniel alitoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake, hata siku walipomzika baba yake.

"Komadre, jamani!" Arcesio aliinua mikono. "Mambo yaongelewe!"

"Ndiyo tunaongea, kompadre." Akaweka kichujio cha hewa. "Mtoto wangu."

"Kiweke chini," alisema Otoniel.

Deyanira alikipiga. Kilibonyea katikati, rangi mpya ikaruka vipande.

"Hicho kinanyooshwa," Arcesio aliharakisha kusema. "Hicho kinanyooshwa, Otoniel, mimi nina..."

Hakumaliza. Otoniel alikuwa ameshamfikia mke wake, amemkamata nywele, na alimbamiza uso kwenye fenda ya gari, mara ya kwanza, mara ya pili. Jino lilivunjika. Deyanira alilisikia likivunjika kabla hajasikia maumivu. Alizungusha nyundo kwa nyuma bila kuona, ikampata mtu gotini, Otoniel akapiga yowe na kumwachia. Deyanira akageuka ampige tena, akapigwa teke la tumbo, akaanguka katikati ya makopo ya rangi, nyundo ikaenda zake.

"Inatosha!" Arcesio alijitupa katikati. "Inatosha, utaua mtu!"

Panga lilikuwa limeshatoka. Sidhani kama Otoniel alimkusudia rafiki yake. Wakati ule hakuwa anakusudia mtu, alikuwa anakata tu kilichokuwa mbele yake. Makali yalimpata Arcesio kwenye mkono, chini ya kiwiko, nyama ikafunguka, naye akakaa chini akiutazama mkono wake kwa mshangao mkubwa.

"Umenikata," alisema. "Otoniel, umenikata mimi."

"Ulikuja mwenyewe!"

Deyanira alitambaa. Damu ilimjaa mdomoni, akaitema, akatambaa. Otoniel alimfuata akichechemea, akamkanyaga kifundo cha mguu akigandamiza, na Deyanira akamng'ata mkono alipoinama, akang'ata mpaka meno yake mabovu yaliyobaki yakagusana. Akapigwa ngumi ya sikio. Dunia ikavuma. Lakini alikuwa amefika dirishani, akashika ukingo, akajivuta juu, akaitoa kamba kwenye msumari.

"Hesabu vyuma vyako," alisema.

Otoniel aliangalia waya. Aliangalia kutoka mwanzo mpaka mwisho, midomo ikichezacheza. Kisha akaangalia kamba iliyonyooka kutoka kwenye ngumi ya mkewe, ikapita dirishani, ikapotea chini.

"Hapana," alisema.

"Ndiyo."

"Si kabureta. Deyanira. Si kabureta."

"Njoo unikate mkono, uone kamba itakwenda wapi."

Alisimama pale na panga lake. Panga ambalo lilikuwa limemaliza ugomvi wake wote tangu ujana sasa halikuwa na pa kukata. Akimkata mwanamke, kamba inakwenda. Akikata kamba, inakwenda. Jasho lilimtoka chini ya kofia likashuka mpaka shingoni.

"Arcesio," alisema bila kugeuka. "Nenda kamlete mtoto."

"Mimi? Mimi navuja damu hapa!"

"Nenda! Mpe mama kofia hii, atajua ni mimi niliyesema."

Arcesio alivua shati, akajifunga mkono kwa meno, akaokota kofia nyeupe aliyotupiwa, ikachafuka damu palepale, akatoka. Walisikia gari lake likikosea gia, likapata, likapanda mlima.

Wakabaki wawili. Mimi nimewahi kuona watu wakipigana, na kupigana kwenyewe si kubaya sana, kunapita. Kubaya ni ule muda wa baadaye, mnapongojea. Kabureta si nzito, lakini ishike kwa kamba nyembamba huku kidole kimoja kimepinda na kichwa kinavuma, utajua uzito wake. Deyanira alibadilisha mikono mara moja tu. Kamba iliteleza shubiri nzima, na Otoniel akaruka nyuma mikono juu kana kwamba ameelekezewa bunduki. Hakuthubutu kubadilisha tena.

Otoniel alianza kwa maneno matamu. "Mama Luz Dary, unakumbuka tulivyokwenda Salento kwa gari hili? Ulikaa mbele, umevaa ile nguo ya njano."

"Nakumbuka. Ulinipiga njiani kurudi."

"Ukiidondosha nitakuua."

"Najua."

"Nitakuua polepole."

"Ulishaanza zamani, Otoniel. Mimi nangoja umalize tu."

Hapo akampiga. Lakini alimpiga kwa ubapa wa panga, mgongoni, si kwa makali, kama anavyopigwa ng'ombe ambaye bado unamhitaji. Alipima. Alijua kabisa ni nguvu kiasi gani mtu anaweza kuvumilia bila kufungua mkono, maana alikuwa na mazoezi naye ya miaka. Ubapa ulilia kwenye bega, ukalia kwenye mbavu, ukalia mgongoni palepale ulipolia kwanza. Deyanira alilaza paji la uso kwenye mbao za dirisha na kumfikiria mtoto wake: sikio lake la kushoto lililojitokeza kuliko la kulia, namna anavyolala mdomo wazi. Alimfikiria sikio hadi sikio. Mkono haukufunguka.

Otoniel alichoka yeye kwanza. Alitupa panga, akapiga teke makopo, rangi ya kijani ikatapakaa sakafuni, akaketi juu ya tairi akaanza kulia. Alilia kweli, kwa kwikwi, akisema babu yake, babu yake, babu yake angesemaje. Deyanira alimsikiliza na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma kidogo, na huruma ile ikamtia kinyaa kuliko kipigo.

Gari lilirudi.

Luz Dary aliingia amevaa mabuti ya bibi yake, makubwa, na nywele zake walikuwa wamezikata kama za mvulana. Arcesio alisimama nyuma yake, mweupe kama unga. Mtoto aliangalia rangi sakafuni, damu kwenye fenda, akamwangalia mama yake.

"Mama, mdomo wako."

"Mdomo utapona. Njoo upande huu, mama. Pita mbali naye."

Mtoto alipita. Otoniel alikuwa ameshasimama, mikono ameinyoosha mbele.

"Haya, huyo hapo. Mimi nimetimiza. Nipe."

"Kuna nini kwenye kamba?" Luz Dary aliuliza.

Arcesio, ambaye hajui kudanganya na ndiyo hasara yake, akasema, "Kabureta, binti yangu."

"Ya gari?"

"Ya gari."

Mtoto alifikiri. Ungeweza kumwona akifikiri, uso ukijikunja polepole. "Baba, uliniambia hutanirudisha kwa mama hata akikuletea dunia nzima. Uliniambia kila siku."

"Luz Dary, baba ana haraka sasa. Deyanira, nipe!"

Deyanira alimpa kamba. Alikuwa amesema atatoa, na alitoa, ngozi ya kiganja ikabaki kwenye kamba. Otoniel alivuta kwa mikono miwili, taratibu, akinong'ona, akiikwepesha na ukingo wa dirisha isigonge. Alilipokea gunia kifuani. Alipiga magoti kwenye rangi mbichi, akafungua kitambaa, akaipuliza, akaigeuza kwenye mwanga kutazama kama imekwaruzika.

Mama na mtoto walikuwa wamefika mlangoni. Luz Dary alisimama hapo, hakukubali kuvutwa.

"Baba, nakwenda."

"Haya, nenda, nenda," alisema Otoniel, na hakuinua kichwa.

Mtoto aliendelea kusimama. Alingoja muda ambao Deyanira hatausahau akifa, alingoja mpaka Arcesio akalazimika kumnyanyua kwa mkono wake mzima na kumweka garini.

Waliteremka kuelekea stendi ya mabasi ya mji wa Armenia. Otoniel hangewafuata, alikuwa na nati zote za kukaza na honi ya kunyoosha kabla ya majaji, kazi ya kumfunga mpaka kesho yake, na kufikia hapo basi lao la kwenda Ibagué lingekuwa limeshauvuka mlima. Deyanira alijua hivyo. Alikuwa ameshinda. Alimkumbatia mtoto wake aliyemtafuta kwa miezi yote ile, akanusa nywele zake zilizokatwa, na mtoto alikuwa amekakamaa kama ubao.

Walipovuka daraja Luz Dary aligeuka akampiga. Alimpiga ngumi kifuani, kisha mdomoni penye kidonda, damu ikafunguka upya.

"Ungeiachia!" alipiga kelele. "Kwa nini hukuiachia? Ungeiachia, tungeona angekimbilia wapi!"

Akapiga tena, kwa ngumi zote mbili, kwa kiwiko, kwa buti la bibi yake, akilia kwa hasira, begani palepale palipopita panga. Deyanira alikuwa na jibu: angekimbilia korongoni, kwenye kabureta. Jibu lenyewe ndilo lililomfanya aishike kamba ile mpaka ngozi ikatoka, na hakuweza kulisema kwa mtoto, wala hakuinua mkono kujikinga.

Arcesio aliuliza kama asimamishe gari. Deyanira alimwambia aendelee.